Nachora maua ya mkrismasi kwa rangi za maji ili nitulize akili, mbona kila siku natoka na matope?

#1 MhasibuMchovu
Habari wadau. Naombeni msaada kabla sijazirusha hizi rangi dirishani. Mwaka huu presha ilinipanda, daktari akasema nipunguze chumvi, nilale mapema na nitafute kitu cha kufanya ambacho hakina hela ndani yake (mimi mhasibu, kila ninachogusa kina hela ndani). Nikakutana na video za wale watu wanaochora maua kwa rangi za maji, sio wale wa kuchora kila mshipa wa jani, wale wa kulegeza, mtu analowesha karatasi anadondosha rangi inatambaa yenyewe, mara paa, ua hilo. Nikasema hii ndo yangu, kazi inajifanya yenyewe.

Sasa nje ya geti langu kuna mkrismasi, ule mti mkubwa wa maua mekundu, Desemba hii umewaka mpaka vumbi la barabarani limekuwa jekundu. Ndo nauchora huo. Wiki ya tatu. Mwanzo panapendeza, baada ya dakika kumi nina rangi ya mto Msimbazi siku ya mvua. Vifaa: boksi la vidonge vya rangi 12 nimenunua stationery Kariakoo, brashi zilizokuja humohumo, karatasi za manila. Tatizo ni karatasi, ni rangi, ni maji au ni mimi? Na kuna mtu humu kweli hii kitu ilimtuliza? Maana mimi juzi nimemfokea mtoto kisa kagusa meza.

#2 Kibatari
Tatizo ni wewe. Uzi ufungwe.

#3 FundiPicha255
Usimsikilize #2. Tatizo ni karatasi, mia kwa mia. Manila haikutengenezwa kubeba maji. Ukiilowesha inajikunja kama chapati, maji yanakusanyika kwenye mabonde, rangi zote zinateremka kukutana huko bondeni halafu unashangaa matope yametoka wapi. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenyewe, gramu 300, na kama mfuko unaruhusu ya pamba tupu. Ile imepigwa dawa ya kuzuia maji yasizame haraka, rangi inakaa juu inatembea taratibu, unapata muda wa kufikiri. Ya pamba ni ghali lakini karatasi moja kubwa ukiikata unapata vipande vingi vya ukubwa wa postikadi, na kwa mtu anayejifunza postikadi inatosha sana. Mimi nilihangaika mwaka mzima kwenye karatasi mbovu nikijiona sina kipaji, nilipobadili karatasi kipaji kikaja siku hiyohiyo.

#4 UmmuZ_Unguja
Mie nasema si karatasi. Mkrismasi ni mwekundu, majani yake ya kijani. Chukua nyekundu na kijani vichanganye uone utapata nini, ni kahawia tu hata ukinunua karatasi ya dhahabu. Ye anapaka ua, halijakauka, anapaka jani pembeni, vinapeana mkono, ndo hayo matope. Acha ua likauke kwanza au acha kijinjia cheupe kati ya ua na jani.

#5 MhasibuMchovu
Asanteni. #4 umenigusa, ni kweli nikishamaliza ua nakimbilia majani kwa sababu naogopa litakauka. Kwenye video hawasubiri mbona?

#6 FundiPicha255
Video wamekata mwanangu. Hapo katikati mtu kaenda kunywa chai.

#7 NjooArusha
Mnasahau hewa. Yupo Dar, Desemba, unyevu ule nguo tu inalala kambani haikauki, sembuse karatasi. Nilikaa Dar miaka minne nikichora na vidonge vyangu vilikuwa vinaota ukungu mweupe ndani ya boksi, nikihamia Arusha rangi ileile brashi ileile, inakauka kabla sijanyoosha mkono. Huku nalazimika kupulizia maji na ile chupa ya kinyozi. Kwa hiyo mtu wa Dar na mtu wa Arusha hawawezi kufuata somo moja, na yule wa kwenye video yupo sijui wapi, kaweka hita chumbani.

#8 Kibatari
Kwa hiyo presha ni ya daktari, matope ni ya TMA, wale wa hali ya hewa.

#9 BaridiKali_HH
Salamu toka Hamburg. Mimi nilianza kiangazi cha korona, huku Juni na Julai jua linakaa hadi saa nne usiku unatoka kazini bado mchana, nikawa naenda pembeni ya reli kuna maua mekundu ya popi yameota yenyewe kwenye kokoto. Popi ndo ua la kuanzia nakwambia, petali zake zenyewe zimelegea kama tishu, ukikosea linafanana zaidi. Mkrismasi kwa mwanafunzi ni kumtesa, ua limejigawa vipande na majani yake madogomadogo kama unyoya.

Ila nimpinge #3 kuhusu karatasi. Kuna mchoraji wa huku Emil Nolde, maua yake ya rangi za maji ni maarufu sana, nyumba na bustani yake ipo Seebüll kaskazini kabisa ya Ujerumani karibu na mpaka wa Denmark na watu wanaenda kuona. Alikuwa anatumia karatasi ya Kijapani inayofyonza, yaani inakunywa rangi kama sponji, kinyume kabisa na unachohubiri. Na popi zake zinawaka hadi leo. Kwa hiyo sio karatasi gani, ni kuijua uliyonayo.

#10 FundiPicha255
Nolde alikuwa Nolde. Mwenzetu ana manila ya Kariakoo.

#11 Mwanahistoria_wa_Bure
@BaridiKali_HH huyo Nolde si ndo yule Wanazi walimkataza kuchora? Nilisoma alikuwa shujaa anachora kwa kujificha.

#12 BaridiKali_HH
Nusu kweli. Mwaka 1937 walimchukulia kazi zaidi ya elfu moja kwenye makumbusho, na 1941 wakampiga marufuku kufanya kazi kama msanii. Alichora vidogovidogo vya rangi za maji nyumbani ndiyo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama hichohicho cha Nazi, na aliwapenda wakati wao hawampendi. Watu hawapendi kusikia sehemu hiyo. Mimi nakula kwa macho maua yake, yeye mwenyewe sina habari naye.

#13 HinaNaPiku
Mie nachora hina mwaka wa kumi huu, maharusi wa Mombasa wananijua. Nilidhani rangi za maji nitaingia kama mlevi na glasi kwa sababu maua nachora nimefumba macho. Wallahi nilishindwa. Mkono wangu umezoea mstari, mwembamba, sawasawa, ukikosea bi harusi analia. Ile kuachia rangi iende inakotaka mie mwili unanisisimka, nakimbilia kuizuia na tishu. Mwalimu mmoja alinambia shika brashi kwa mwisho wa mti, mbali kabisa na manyoya, na simama, usikae. Nikajiona mjinga lakini ndo mara ya kwanza ua langu likawa na pumzi. Kwa hiyo mhasibu huenda shida yako ni ya kihasibu, unataka hesabu zifunge.

#14 MhasibuMchovu
#13 umeniua hahaha. Nashika brashi kama kalamu ya kusaini hundi.

#15 buda_wa_Ngara
Wasee wa bongo mnaita mkrismasi, sisi huku Nairobi hadithi yetu ni jacaranda. Kuanzia Septemba hivi hadi Novemba tao yote ni zambarau, juu kwa miti na chini kwa lami. Mimi pia nilipata matope lakini ya zambarau. Nilikuwa natumia ile zambarau ya kwenye boksi, inakuwa nzito, kama wino wa kura. Msichana mmoja akanionyesha: wacha hiyo, changanya mwenyewe bluu ya ultramarine na pinki ile ya baridi, lakini usizichanganye kwa sahani, zitupe kando kando kwa karatasi mbichi zikutane huko. Hapa itakuwa bluu, pale pinki, katikati zambarau ya aina tano. Jacaranda ni hivyo kwa macho, haina rangi moja.

Pia ultramarine ina tabia ya kukaa chembechembe kwa vishimo vya karatasi, inaleta kama vumbi fulani hivi tamu. Ni kwa sababu ni jiwe limesagwa, ile jiwe ya Afghanistan.

#16 Mkemia_Mstaafu
Ndugu yangu wa Ngara, hapo kwenye jiwe nakusahihisha kidogo. Zamani ndiyo, lapis lazuli kutoka Badakhshan, bei yake ilishindana na dhahabu. Lakini Wafaransa miaka ya 1820 walitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kiwandani kwa bei nafuu, akaipata Jean-Baptiste Guimet. Ultramarine uliyonayo ni udongo wa kaolini, soda, salfa na kaboni vimechomwa pamoja tanuruni. Chembechembe unazoziona ni kweli zipo lakini si jiwe.

Na tena, mnaijua vizuri kuliko mnavyodhani. Ile buluu ya kufulia ambayo bibi zetu walikuwa wanasuuzia kanzu na mashuka meupe yasiwe manjano, vile vidonge vya zamani, ilikuwa ni ultramarine hiyohiyo na magadi ya kuokea.

#17 UmmuZ_Unguja
Allah! Buluu ya kanzu! Mie ninayo ndani.

#18 Kibatari
Kesho tutasikia Unguja mtu kapaka jacaranda kwa dawa ya kufulia.

#19 UmmuZ_Unguja
Nishapaka. Inatoka buluu ya mbingu kabisa lakini ikikauka ukipitisha kidole inakuja na kidole.

#20 Mkemia_Mstaafu
Kwa sababu haina cha kuishika. Rangi ya maji ni unga wa rangi na gundi ya mgunga, hiyo wanayoiita gamu arabiki, wengine wanatia asali kidogo au glisirini isipasuke. Gundi nyingi inatoka Sudan, lakini hata kaskazini ya Kenya, Turkana, Marsabit, Isiolo, wanaivuna. Yeyusha gundi kwenye maji ya moto, chuja, koroga na buluu yako usage vizuri. Ila hivyo vidonge vya siku hizi soma pakiti kwanza, vingi si ultramarine tena.

#21 HinaNaPiku
Gundi ndo ubani huo?

#22 Mkemia_Mstaafu
La, bibie. Ubani ni utomvu wa mti mwingine, una mafuta ndani, hauyeyuki wote majini, utapata uji wenye harufu ya msiba. Gundi ya mgunga inayeyuka yote ikabaki kama asali.

#23 MhasibuMchovu
Mnajua kwamba mimi bado nina matope? 😩

#24 NjooArusha
Vumilia kidogo, uzi umenoga.

#25 Nesi_wa_Zamu
Nakuja kwenye swali lako la pili, maana watu wote wamekimbilia la kwanza. Mimi nafanya zamu za usiku. Ilinituliza lakini sio kwa sababu mnayodhani. Sio maua wala rangi. Ni kwamba ukiwa na brashi mbichi mkono mmoja na tishu mkono wa pili huwezi kushika simu. Basi. Saa nzima hakuna aliyenipata. Dada yangu anafuma vitambaa vya makochi na anasema ni hivyohivyo. Ungeweza kuchambua mchele ukapata faida ileile.

#26 FundiPicha255
Nakataa. Mchele haukupi mshangao. Kinachotuliza ni ile kuangalia rangi inatembea kwenye maji, hata bila kuchora kitu, ni kama kukaa ufukweni kuangalia wimbi.

#27 BaridiKali_HH
Mimi nadhani ni kusubiri. Ni kitu pekee siku hizi ambacho ukikiharakisha kinaharibika mbele ya macho yako, hapohapo, bila onyo. Mwili unajifunza wenyewe.

#28 Kibatari
Wali nao ukiuharakisha unaharibika hapohapo.

#29 mke_wa_mvuvi
Mie yalinitia wazimu nikaacha. Naweka wazi. Nilianza nitulie, nikaanza kununua, brashi hii, rangi ile ya Uingereza, sijui brashi za manyoya ya Kolinsky, nikaja kujikuta nafungua mabando usiku kuangalia watu wanalinganisha pinki na pinki. Boksi lipo uvunguni. Siku hizi nashona vikuba, asumini na mrihani na kilua, harufu nyumba nzima, jioni unavaa. Maua yanatuliza yenyewe, ya nini kuyahamishia kwenye karatasi.

#30 HinaNaPiku
#29 mashaallah lakini kikuba kesho kimenyauka.

#31 mke_wa_mvuvi
Na mchoro wako kesho umepauka.

#32 Pwani_Kijani
Amesema kweli kuhusu kupauka! Nilichora bogonvilia la ukutani kwetu Kilifi kwa ile pinki inayowaka kama taa, wanaiita opera. Nikaitundika sebuleni inatazamana na dirisha. Haikumaliza mwaka. Imebaki majani na mti, maua yameondoka kama hayakuwepo, wageni wanauliza mbona umechora mti mkavu. Nikaja kuambiwa ile inayowaka ni rangi ya aina ya dye, inakufa na jua. Sasa naangalia namba ndogo nyuma ya tyubu, zile zinazotaja rangi iliyomo. PR122 au PV19 hizo zinavumilia, haziwaki vile lakini zinakaa. Na PR83, nyekundu ya damu ya mzee ile alizarini, nayo ikimbieni kama mnataka kutundika.

#33 Mwanahistoria_wa_Bure
Nyongeza tu, bogonvilia hiyo pinki sio ua. Ni majani yamebadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijitu cheupe kidogo katikati. Na sio la kwetu, asili yake Amerika ya Kusini, kama jacaranda. Na mkrismasi wa mleta mada katoka Madagaska. Mnachora wageni watupu.

#34 buda_wa_Ngara
Buda hata mahindi ni mgeni na unakula ugali.

#35 SanaaYetu68
Mimi nimesoma uzi wote na nauliza, kwani lazima tulegee? Sisi tuna Tingatinga. Rangi ya baiskeli, ubao wa dari, mstari umekaza, chui ana madoa yaliyohesabiwa, hakuna cha kusubiri maji. Mzee alianza 1972 pale Oysterbay akauza kwa watalii na sasa dunia nzima inajua. Hizi rangi za kutiririka ni mambo ya watu wenye bustani na mvua ya manyunyu.

#36 NjooArusha
Alianza 1968 mkuu, na jina lako lenyewe lina 68! 1972 ndo alifariki. Edward Saidi Tingatinga alichora miaka minne tu hivi. Halafu rangi ile ya mafuta ya kung'aa nyumbani na watoto na dirisha dogo? Harufu yake itampandisha presha zaidi. Maji hayanuki.

#37 SanaaYetu68
Sawa nimekubali mwaka. Hoja ipo palepale.

#38 buda_wa_Ngara
Na si mambo ya kulegea pekee kwa rangi za maji. Joy Adamson, yule mama aliyemlea simba Elsa, kabla ya simba alikuwa anachora maua ya Kenya kwa rangi za maji, kila stameni mahali pake, mpaka 1947 chama cha bustani cha Uingereza kikampatia medali ya dhahabu. Ukiangalia kazi zake hakuna tone limetoroka. Rangi ni zilezile, mkono tofauti. So mleta mada unaweza pia kuwa wa kukaza, nani alisema lazima ulegeze?

#39 MhasibuMchovu
Daktari ndo alisema nilegeze 😂 sio brashi, mimi.

#40 Muscat_Bahari
Salaam. Huku kwetu Oman kila masika ya huku, mwezi wa nne hivi, tunapanda Jebel Akhdar kwenye mawaridi, watu wanayachuma alfajiri kupika marashi mawaridi. Nilibeba rangi zangu nikidhani nitatulia mlimani. Hewa kavu, rangi ilikuwa inakufa kwenye brashi kabla haijafika. Bibi mmoja mwenye shamba akaniangalia akasema kwa Kiswahili safi kabisa cha Unguja, "mwanangu, waridi halichorwi mchana, mchana limechoka." Kesho yake nikaenda saa kumi na mbili asubuhi, bado kuna umande, hewa ina ubaridi, nikapata mawaridi manne mazuri ambayo sijapata tena. Sijui ni umande, sijui ni bibi. Mhasibu jaribu alfajiri kabla ya jua na kabla ya watoto.

#41 Nesi_wa_Zamu
"Kabla ya watoto" ndo dawa yenyewe hapo.

#42 MwalimuShedrack_sio_jina
Naona kila mtu katoa lake na hakuna aliyemuuliza ana vikombe vingapi vya maji. Mleta mada una vikombe vingapi?

#43 MhasibuMchovu
Kimoja. Cha chai.

#44 MwalimuShedrack_sio_jina
Mnaona sasa. Kurasa nzima ya Wanazi na ubani, mtu anasuuzia nyekundu na kijani kikombe kimoja halafu anachotea humohumo maji safi ya kulowesha karatasi. Vikombe viwili, kimoja cha kuoshea, kimoja cha kuchotea tu, na kikibadilika rangi mwaga. Nafundisha watoto darasa la tano, hilo ndo somo la kwanza.

#45 FundiPicha255
Ni kweli lakini hata kwa vikombe kumi manila ni manila.

#46 UmmuZ_Unguja
Na nyekundu na kijani ni nyekundu na kijani.

#47 Mkemia_Mstaafu
Na vile vidonge vya bei rahisi vina chaki nyingi, rangi zake ni nzito hazipitishi mwanga, ukichanganya tatu tu zinakufa. Bora awe na rangi tatu nzuri kuliko 12 hizo. Nyekundu, njano, buluu, na sahani nyeupe ya bati.

#48 BaridiKali_HH
Mimi nasema ni kugusa. Wote mpo sahihi lakini mnisikilize. Karatasi ikilowa inang'aa kama kioo. Wakati inang'aa weka rangi unavyotaka. Ule mng'ao ukishapotea, karatasi bado mbichi ila haing'ai tena, hapo ndo hatari, ukigusa hata kwa ncha ya brashi yenye maji yanarudi kusukuma rangi unapata duara lenye kingo kama koliflawa. Mtu anaona koliflawa anataka kulirekebisha, anagusa tena, tena, baada ya hapo ndo Msimbazi. Kujua kama imekauka weka mgongo wa mkono, ikiwa ya baridi bado. Na ujue rangi ikikauka inapauka, kwa hiyo ianze kali kuliko unavyotaka, usije ukarudi kuongeza.

#49 HinaNaPiku
Koliflawa mie nayapenda, mengine yanatoka kama petali. Nayaacha.

#50 Mwanahistoria_wa_Bure
Mleta mada, kitu kimoja ambacho hakuna aliyesema. Umewahi kuokota ua moja la mkrismasi ukaliangalia? Petali nne ni nyekundu. Ya tano, ile inayosimama, ina nyeupe na njano ndani na michirizi myekundu. Watu wote wanauchora mti kama moto mmoja. Wewe ukiacha hiyo petali ya tano karatasi nyeupe tupu bila kupaka kitu, una mahali pa kupumzisha jicho.

#51 Kibatari
Mimi nina miaka 40 nimezaliwa chini ya huo mti sikujua hilo. Nimetoka nje kuangalia. Ni kweli. Naondoka kimyakimya.

#52 Pwani_Kijani
Kibatari kalegea.

#53 MhasibuMchovu
Wadau nimerudi, leo Jumapili. Nimenunua karatasi moja ya pamba (bei sitaitaja, wife anasoma humu), nimeikata vipande nane. Vikombe viwili. Nimeamka saa kumi na moja na nusu, watoto wamelala, nimesimama, brashi nimeishika kwa mwisho kama fimbo ya kuchungia. Maua mawili matatu hivi, petali moja moja nimeiacha nyeupe. Majani sijapaka hata moja. Sitaki ugomvi na #4.

Jamani. Imetambaa. Ile nyekundu imeingia kwenye njano yenyewe mimi nipo naangalia tu mdomo wazi, imekuwa kama chungwa halafu pembeni ikabaki damu. Sijui ni karatasi au ni asubuhi au ni maji. Nahisi hata presha sina.

#54 FundiPicha255
KARATASI.

#55 Muscat_Bahari
Asubuhi.

#56 MwalimuShedrack_sio_jina
Kikombe.

#57 UmmuZ_Unguja
Weka picha basi.

#58 MhasibuMchovu
Nasubiri ikauke. Mng'ao ndo unapotea sasa hivi. Kuna sehemu moja kwenye ua la kushoto rangi imejikusanya kidogo inanikera.

#59 BaridiKali_HH
USIGUSE.

#60 HinaNaPiku
Weka mikono nyuma. Toka chumbani.

#61 MhasibuMchovu
Nimetoka. Nipo jikoni nachemsha chai. Siendi huko.

#62 MhasibuMchovu
Nimegusa.